Kikulacho ki Nguoni Mwako: Askari wa Mwili na Saratani ya Damu

Wahenga walisema kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo yaieleza saratani ya damu kuliko maelezo mengi ya kitaalamu. Malaria huletwa na mbu, kipindupindu huletwa na maji machafu, na kifua kikuu huletwa na pumzi ya mgonjwa. Yote hayo ni maadui watokao nje. Saratani ya damu haitoki nje. Huzuka miongoni mwa chembe zile zile zilizopewa kazi ya kuulinda mwili, kama vile uasi uzukavyo ndani ya kambi.

Kwa muda mrefu madaktari walijiuliza swali moja: ikiwa baadhi ya askari wa mwili wameasi, je, askari waliobaki waaminifu hawawezi kutumwa kuwakomesha? Katika miaka ya karibuni swali hilo limepata jibu, na jibu lenyewe limeokoa maisha ya watu wengi duniani. Lakini ni wachache wanaofahamu kwamba sehemu kubwa ya habari hii ilianzia hapa Uganda, na kwamba moja ya hatua zake za mwanzo ilipigwa katika hospitali ya Jinja. Yafaa kila mzazi wa Jinja, wa Mbale na wa kwingineko aifahamu, kwa sababu ndani yake mna funzo linaloweza kumwokoa mtoto wake.

JESHI LILILOMO MWILINI

Ndani ya damu mna chembe nyekundu, zinazochukua hewa safi na kuipeleka kila mahali, na chembe nyeupe, ambazo ndizo askari. Askari hao huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa. Wengine huzunguka katika damu, na wengine hukaa katika vituo vyao, yaani wengu na tezi za shingoni, kwapani na kinenani. Mtu akipatwa na jipu mguuni, tezi za kinenani huvimba zikawa mitoki. Hiyo ni dalili kwamba kituo kimepokea habari za adui na kinakusanya askari.

Askari hao wako wa namna nyingi, lakini hapa yatosha kutaja wa namna mbili. Wa kwanza ni chembe B, ambazo hutengeneza kingamwili. Kingamwili ni vitu vidogo mno vinavyoelea damuni na kumganda adui mmoja maalumu, mfano wa alama ya chokaa inayopakwa mlangoni mwa mhalifu ili kila apitaye amjue. Wa pili ni chembe T. Hizi hukagua chembe nyingine za mwili moja baada ya nyingine, kama askari wa zamu akaguavyo vitambulisho langoni. Chembe ikionekana kuwa na alama ya ugeni huuawa papo hapo.

Kila chembe ya mwili ina amri ndani yake zinazoiambia lini izaliane na lini ife. Amri hizo zikiharibika ndani ya chembe nyeupe moja tu, chembe hiyo huweza kuzaliana bila kikomo. Uasi huo ukianzia katika uboho na kuijaza damu, ugonjwa huitwa lukemia. Ukianzia katika tezi na kufanya uvimbe, huitwa limfoma. Yote mawili ni matawi ya mti mmoja, yaani saratani ya damu. Hatari ya mwasi huyo ni kwamba amevaa sare ile ile. Chembe T humkagua, humwona kuwa ni mwenzake, nazo humwacha apite.

MTOTO ALIYEONEKANA JINJA

Mwaka 1957, Dakt. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago. Alikuwa mzaliwa wa Ireland, mwenye jicho moja tu tangu utoto wake, naye alikuwa amepata kutumikia jeshi la Uingereza kama daktari wakati wa Vita Kuu ya Pili. Siku moja mwenzake, Dakt. Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto wa kiume wa miaka 5 ambaye taya zake zilikuwa zimevimba kulia na kushoto, juu na chini. Jambo hilo lilimshangaza, maana uvimbe wa kawaida huota mahali pamoja.

Majuma machache baadaye Burkitt alikuwa akizuru hospitali ya Jinja. Alipotupa macho nje kupitia dirishani, alimwona mtoto mwingine, msichana, ambaye uso wake ulikuwa umevimba kwa namna ile ile. Alitoka akampima, akakuta taya zote zimeshikwa na tumboni pia mna uvimbe. Hapo ndipo alipotambua kwamba yule mtoto wa kwanza hakuwa kioja cha siku moja, bali huo ulikuwa ugonjwa wenye desturi yake. Alirudi Mulago akapekua majalada ya hospitali, na mwaka 1958 akaandika habari zake kwa mara ya kwanza. Wapimaji waliotumia darubini walithibitisha baadaye kwamba ni limfoma, na leo yajulikana kwamba ni uasi wa chembe B. Dunia nzima sasa huuita ugonjwa huo limfoma ya Burkitt.

Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili, madaktari Ted Williams na Cliff Nelson, walifunga safari ndani ya gari kukuukuu la aina ya Ford. Kwa majuma 10 walisafiri kilometa zipatazo 16,000, wakizuru hospitali na kuuliza kama watoto wenye taya zilizovimba wamepata kuonekana. Waligundua kwamba ugonjwa huo hufuata joto na mvua. Ulikuwapo kandokando ya maziwa na mabondeni, lakini uliadimika katika nyanda za juu zenye baridi kama vile Kigezi. Ramani yake ilikaribia kulingana na ramani ya malaria.

Wakati huo huo huko London, mtaalamu Anthony Epstein, akisaidiwa na Bert Achong na Yvonne Barr, alikuwa akichunguza vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 walitangaza kwamba wameona ndani yake virusi ambavyo havijapata kujulikana. Virusi hivyo viliitwa vya Epstein-Barr, navyo vilikuwa vya kwanza kutambuliwa kuwa vinahusika na saratani ya binadamu.

WALIOPONA KWA DAWA KIDOGO

Katika siku hizo Uganda haikuwa na mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, na kisu cha upasuaji hakikufaa kitu mbele ya uvimbe ulioenea taya zote. Burkitt aliamua kujaribu dawa mpya za kuua chembe za saratani, miongoni mwazo methotreksati na siklofosfamaidi. Matokeo yake yaliwashangaza wengi. Watoto kadha wa kadha walipata dawa kidogo tu, wengine dozi moja au mbili, na uvimbe ukayeyuka usirudi tena.

Dawa kwa kiasi kile isingetazamiwa kuua kila chembe ya mwasi. Nani basi aliyemaliza kazi? Mwaka 1967 Burkitt aliandika kwamba huenda ni kinga ya mwili wa mtoto mwenyewe. Dawa iliwapunguza waasi, na askari waaminifu wakawashinda waliosalia. Mwaka huo huo Profesa Victor Anomah Ngu, Mkameruni aliyekuwa akifanya kazi Ibadan nchini Nigeria, alieleza fikira kama hiyo. Huko Nairobi Dakt. Peter Clifford naye alikuwa na wagonjwa walioishi miaka mingi baada ya matibabu. Wataalamu George na Eva Klein wa Stockholm walipopimiwa damu za wagonjwa hao wa Afrika Mashariki walikuta ndani yake kingamwili zinazoganda juu ya chembe za uvimbe.

Mwaka 1967 pia ndipo kilipofunguliwa kituo cha kutibu limfoma pale Mulago, kwa ushirikiano wa Makerere na taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani, chini ya uongozi wa Dakt. John Ziegler. Kituo hicho ndicho kilichokuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, na Mganda wa kwanza kukiongoza alikuwa Profesa Charles Olweny. Mwaka 1972 Burkitt, Ziegler, Ngu na wenzao walitunukiwa tuzo ya Lasker ya Marekani kwa kazi ya kutibu saratani kwa dawa.

Yaani katika miaka ile, macho ya wataalamu wa dunia waliotaka kujua kama kinga ya mwili yaweza kuponya saratani yalikuwa yameelekezwa Kampala.

BARAGUMU LILILOPIGWA BURE

Ikiwa kinga ya mtoto ilisaidia pasipo kuhimizwa, ilionekana kuwa ni jambo la busara kuihimiza. Njia iliyochaguliwa ilikuwa chanjo ya BCG, ile ile ya kifua kikuu ambayo kila mama huifahamu kwa kovu lake la begani. BCG huamsha askari wa mwili kwa nguvu. Mwaka 1969 Dakt. Georges Mathé wa Ufaransa alikuwa ametangaza kwamba imewafaa baadhi ya watoto wenye lukemia, na matumaini yakawa makubwa.

Huko Mulago, Dakt. Ian Magrath na Dakt. Ziegler walilijaribu jambo hilo kwa uangalifu. Watoto ambao uvimbe wao ulikuwa umekwisha kuyeyushwa na dawa waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa BCG, la pili halikupewa. Kisha pande zote mbili zilifuatiliwa. Mwaka 1976 matokeo yalichapishwa: BCG haikuleta tofauti. Ugonjwa uliwarudia waliopewa kama ulivyowarudia wasiopewa. Majaribio ya nchi nyingine kuhusu lukemia nayo yalishindwa kuthibitisha yale matumaini ya Ufaransa.

Kushindwa huko hakukuwa hasara, kwa maana kuliacha funzo ambalo lingali na thamani leo. Baragumu la hatari likipigwa kambini usiku, askari wote huamka na kushika silaha. Lakini ikiwa mwasi amesimama nao katika mstari mmoja, amevaa sare yao na anajibu jina lake, baragumu hilo litafaa nini? Askari wa mwili hakukosa nguvu. Alikosa kujua ni nani wa kumshika. Tangu hapo kazi ya wataalamu ikawa kutafuta njia ya kumwonyesha.

KUMPAKA MWASI ALAMA

Njia ya kwanza ilipatikana kutokana na kazi ya Georges Köhler na César Milstein waliokuwa Cambridge nchini Uingereza. Mwaka 1975 walionyesha jinsi ya kutengeneza kingamwili za namna moja tu, kwa wingi, zinazoganda juu ya alama moja tu. Kwa kazi hiyo walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1984. Mwaka 1997 serikali ya Marekani iliidhinisha dawa iitwayo rituksimabu, ambayo ni kingamwili ya namna hiyo. Huganda juu ya alama iitwayo CD20, iliyoko juu ya chembe B. Ikishaganda, mwasi huwa amepakwa chokaa usoni, na askari waliokuwa wakimpita bila kumshuku humshambulia.

Yafaa ieleweke kwamba alama hiyo wanayo pia chembe B waaminifu, kwa hiyo nao hufa pamoja na waasi. Mwili huweza kustahimili hasara hiyo kwa sababu uboho hutoa chembe B nyingine baada ya miezi kadhaa. Lakini katika muda huo mgonjwa hupata maambukizo kwa urahisi, na kabla ya dawa kuanza ni lazima apimwe homa ya ini ya aina B, isije ikaamka kutoka mafichoni.

Je, dawa hiyo yawafaa watoto wenye ugonjwa ule aliouona Burkitt kutoka dirishani? Mwaka 2020 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa watoto na vijana 328 katika nchi mbalimbali, walio wengi wakiwa na limfoma ya Burkitt iliyoenea sana. Miongoni mwa waliopewa dawa za kawaida peke yake, watu 82 katika kila 100 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi baada ya miaka 3. Miongoni mwa walioongezewa rituksimabu walikuwa 94 katika kila 100. Matokeo hayo yanaendana na fikira ya mwaka 1967, ijapokuwa hayaithibitishi moja kwa moja. Shirika la Afya Duniani limeiweka rituksimabu katika orodha ya dawa za lazima tangu 2015, na India hutengeneza ya bei nafuu tangu 2007, ijapokuwa nafuu hiyo bado ni mzigo kwa mshahara wa mtu wa kawaida.

Njia ya pili ni ya ajabu zaidi. Chembe T za mgonjwa hutolewa katika damu yake na kupelekwa maabara. Huko hupewa amri mpya inayoziwezesha kuitambua alama ya mwasi, huzalishwa hadi zikawa mamilioni, kisha hurudishwa mwilini. Ni sawa na askari aliyetolewa kambini, akapelekwa mafunzo maalumu, akarudi akiwa na picha ya mhalifu mfukoni. Mwaka 2012 msichana wa miaka 6 mwenye lukemia iliyoshinda kila dawa alitibiwa hivyo huko Philadelphia, akapona. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha tiba hiyo, kwa bei ya dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja. Mwaka 2023 India iliidhinisha ya kwake, kwa kiasi cha dola 50,000. Tiba hiyo ina hatari zake, kwani askari hao wakishambulia wote kwa pamoja mgonjwa hupatwa na homa kali mno na huenda akahitaji kulazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Haipatikani katika hospitali za rufaa za mikoani, wala mzazi asiuze shamba lake kwa kusikia uvumi kwamba mtu fulani anaitoa mjini.

ONYO KUHUSU DAWA ZA "KUONGEZA KINGA"

Habari za kinga ya mwili zimewapa wachuuzi biashara mpya. Katika masoko na vituo vya mabasi huuzwa unga, vidonge na chupa za maji ya rangi, navyo husifiwa kwamba huongeza kinga na kuponya saratani. Msomaji aliyefuata habari ya BCG hatahitaji maelezo marefu. Dawa iliyojulikana kwa hakika kwamba huamsha kinga, ikatolewa na wataalamu kwa kipimo maalumu, haikuweza kuwazuia waasi wa limfoma. Unga wa sokoni usiojulikana umechanganywa na nini utawezaje?

Chakula bora ni muhimu, na mtoto anayetibiwa anahitaji maharagwe, maziwa, mayai, samaki na mboga ili astahimili dawa. Lakini chakula humtia askari nguvu tu, hakimwonyeshi mwasi. Siku 10 zinazopotea kwa kunywa dawa ya chupa ni siku ambazo ugonjwa haukupumzika.

MBU NA VIRUSI

Watoto wengi wa Uganda hupata virusi vya Epstein-Barr kabla ya kutimiza miaka 3, kwa njia ya mate. Virusi hivyo hujificha ndani ya chembe B, na kwa kawaida chembe T huvilinda visilete madhara. Mtu huishi navyo maisha yake yote bila kuugua. Basi kwa nini wachache huugua saratani?

Jibu kubwa ni malaria inayorudi mara kwa mara. Kila inapoingia, malaria hulazimisha chembe B kuzaliana kwa haraka mno. Katika pilikapilika hizo amri zilizomo ndani ya chembe huweza kukatika na kuungwa mahali pasipo pake, na mwasi akazaliwa. Tena uchunguzi uliofanywa magharibi mwa Kenya umeonyesha kwamba watoto wanaoishi penye malaria nyingi hupungukiwa na chembe T za kuvilinda virusi hivyo. Hivyo mwasi huzaliwa wakati ambapo mlinzi amechoka.

Kutokana na hayo mzazi hana haja ya kumshuku jirani wala ukoo wa mwenzake. Limfoma haitokani na uchawi wala laana, wala mtoto mgonjwa hawezi kuiambukiza kwa wenzake kwa kucheza nao. Linaloweza kufanywa nyumbani ni kupunguza malaria: watoto walale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, hata msimu wa kiangazi, homa ipimwe damu na kutibiwa upesi, dozi imalizwe. Tarehe 2 Aprili 2025 Uganda ilianza kutoa chanjo ya malaria katika wilaya 105. Mtoto hupewa mara 4, akiwa na miezi 6, 7, 8 na 18. Mama aliyekwisha kumpeleka mtoto mara tatu asisahau ile ya nne.

DALILI NA WAJIBU WA FAMILIA

Limfoma ya Burkitt huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka 4 na 10, na wavulana kuliko wasichana. Dalili zake ni hizi:

1. Taya kuvimba, mara nyingi bila maumivu makubwa.
2. Meno ya nyuma kulegea na kutikisika ilhali umri wake wa kung'oka haujafika.
3. Jicho kusukumwa nje.
4. Tumbo kuvimba au kuwa na bonge gumu.
5. Miguu kulegea ghafula au mtoto kushindwa kukojoa.

Lukemia huwa na dalili nyingine: kupauka, homa isiyoisha, kutokwa na damu puani au kwenye fizi, michubuko isiyo na sababu, maumivu ya mifupa.

Chukuliwe mfano wa mama mmoja katika nyumba za polisi mjini Mbale. Mwanawe wa miaka 6 analalamika kwamba gego linatikisika, na shavu limeanza kujaa. Jirani anamwambia: "Dada, hilo ni jino tu. Mpeleke kwa yule mzee wa meno sokoni akaling'oe." Jino linang'olewa, shavu linazidi. Juma la pili ananunuliwa dawa ya usaha. Juma la tatu jicho limeanza kutoka. Anapofika hospitali ya rufaa, muuguzi anamwuliza: "Mama, uvimbe huu ulianza lini?" Naye anajibu: "Sista, ni mwezi sasa. Tulidhani ni jino."

Mama huyo hakuwa mzembe. Alifuata ushauri wa watu anaowaamini. Lakini limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua upesi kupita zote. Chembe zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kwa hiyo kila uvimbe wa taya la mtoto usiopungua katika siku chache upelekwe kituo cha afya, na mzazi aombe barua ya kwenda hospitali ya rufaa ya Jinja au ya Mbale, na kutoka huko Taasisi ya Saratani pale Mulago. Atakatwa kipande kidogo cha uvimbe kikapimwe. Wako wanaoogopa kwamba kisu hueneza saratani; hofu hiyo isimcheleweshe mtoto, kwa kuwa bila kipimo hicho daktari hawezi kujua ni dawa gani ya kumpa.

Matibabu huanzia wodini, kwa maji mengi ya dripu, maana uvimbe ukiyeyuka kwa ghafula takataka zake huweza kuziba figo. Dawa nyingine hudungwa kwenye uti wa mgongo, kwa sababu mwasi hupenda kujificha huko. Kisha dozi hurudiwa mara kadhaa kwa muda wa miezi.

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Uvimbe huyeyuka upesi, pengine katika juma la kwanza, na mtoto hurudi kucheza. Baba hutazama nauli ya kutoka Mbale hadi Kampala, safari ya zaidi ya kilometa 200, huona mtoto mzima mbele yake, na husema kwamba yatosha. Baada ya miezi michache ugonjwa hurudi ukiwa sugu. Katika nchi tajiri, watoto zaidi ya 90 katika kila 100 huponywa limfoma ya Burkitt. Katika Afrika ya ikweta idadi inayotajwa mara nyingi ni kati ya 30 na 50. Tofauti hiyo haitokani na dawa za bei kubwa peke yake. Kuchelewa kufika na kuacha matibabu katikati vimo ndani yake.

Kwa familia za askari jambo hili lina uzito wa pekee. Baba huweza kuhamishwa kituo au kupelekwa zamu ya mbali katikati ya matibabu. Yafaa mkuu wake ajulishwe mapema kwamba kuna mtoto anayetibiwa saratani, na aonyeshwe barua ya daktari. Kadi ya matibabu yenye tarehe za dozi ikae kwa mama, na nakala yake kwa ndugu mwingine wa karibu. Familia ikihamia wilaya nyingine, hospitali iarifiwe kabla ya safari, wala si baada ya dozi kupitwa. Majirani wa kambini nao wana kazi: kumtunzia mama watoto wengine kwa siku tatu ni msaada mkubwa kuliko pole nyingi.

Watoto wale wa kwanza waliopona Mulago kwa dozi moja au mbili walikuwa na bahati, na hakuna mzazi anayeweza kuitegemea bahati hiyo. Askari wa mwili hupigana vizuri pale waasi wanapokuwa wamepunguzwa na dawa hadi wakawa wachache. Kumfikisha mtoto mapema na kumalizia dozi zote ndiko kuwapa askari hao nafasi ya kushinda.